Marseille Iwe Jumapili

Masanduku yalikuwa yameshatangulia uwanja wa ndege kwenye gari la mtoto wa kiume wa Mama Hessa. Amiri naye alikuwa ameshatoka Lusail, Mama mwenyewe kakaa kiti cha nyuma na mkoba wake mapajani, aliposikia sauti ikisema, "Pita Pearl kwanza. Sijamuaga dada yangu."

Hakuuliza. Dereva wa nyumba hana lakini. Akaiacha barabara ya uwanja wa ndege, akashika njia ya kisiwa cha Pearl, akapita boti za matajiri zilizofungwa kwenye gati mpaka penye mnara wa ghorofa anaokaa dada mtu.

"Kahawa moja tu," Mama Hessa akasema akishuka.

Amiri aliijua kahawa moja ya mtu na dada yake. Ilikuwa baada ya alasiri, ndege ni ya jioni, nafasi ipo. Na nyuma ya mnara ule, upande wa magari ya takataka na nguo chafu, kulikuwa na mlango wa wafanyakazi wa hoteli anayofanya kazi Zuleikha.

Hakuwa amekusudia kumuaga ana kwa ana. Alipanga kumpigia akishapita ukaguzi wa pasipoti, mahali ambapo mtu hawezi kurudishwa. Wiki tatu hizi kila Zuleikha alipouliza habari za safari, alimjibu kwa mafungu: tutaona milima, tutaona ziwa, Mama anataka maua. Lile fungu lenyewe hakulitaja. Sasa njia imemleta hapa bila ya yeye kuitafuta, akaona kukwepa tena itakuwa uoga. Akazungusha gari.

Kwenye kibanda cha mlinzi alikuwemo Nahashon, Mkenya mrefu mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka mbali.

"Buda, si uko ndege leo?"

"Niitie Zuleikha. Dakika chache tu."

Nahashon akanyanyua simu ya ndani. "Yuko break anyway," akasema. "Lakini msisimame hapo kwa jua, mtaiva. Ingieni kwa AC. Mimi naangalia kamera, siskii kitu."

Zuleikha akatoka na sare yake ya mapokezi, suti ya kijivu na mtandio wa rangi ya maziwa, jina lake limebandikwa kifuani. Alikuwa na mwendo wa kutulia, kama mtu anayebeba kitu kichwani hata pale ambapo hajabeba. Amiri alimwangalia akija, akakumbuka siku ile ya kwanza alipomwona amesimama na mwavuli mvua ya Februari, akimngojea mgeni aliyechelewa. Mwaka na nusu sasa. Katika muda wote huo hawajawahi kukaa wawili peke yao mahali. Walikutana palipo na watu: sokoni, mkahawani, kwenye kibanda hiki. Zuleikha ndivyo alivyotaka, na Amiri aliona kuwa kila mara akimkuta hivyo, mbele za watu, humwangalia vizuri zaidi, maana hakuna kingine cha kufanya.

"Umekuja kuniaga," Zuleikha akasema.

"Nimekuja kukuaga na kukwambia jambo."

"Anza na jambo. Kuaga kwenu watu wa Tanga kunachukua siku nzima."

Amiri akatandaza ramani juu ya meza ya Nahashon. Ilikuwa ramani ya karatasi ya Ufaransa nzima, mikunjo yake imeshaanza kuchanika. Simu inayo ramani, lakini Mama Hessa hapendi simu. Yeye anapenda kuona nchi yote kwa pamoja, aweke kidole, aseme nataka kupita hapa. Ndiye aliyemfundisha Amiri kuwa ramani za kule zina siri yake iliyo wazi: barabara nyekundu ni ya kufika, na ile iliyopigwa mstari wa kijani ubavuni ni ya kutazama. Nipitishe za kijani, alimwambia. Nimechoka na Paris, Paris ni maduka. Nataka dirisha.

Zuleikha akaufuata wino wa bluu kwa macho. Wino ulitoka Paris, ukateremka na barabara nyekundu moja kwa moja kusini, bila kupinda, mpaka penye bahari. Hapo Amiri alikuwa amezungushia duara. Baada ya duara ndipo safari yenyewe ilipoanza: mashamba ya lavenda ya Valensole, korongo la Verdon, milima, ziwa la Annecy, kisha kurudi.

Aliangalia duara lile muda mrefu.

"Mama Hessa ana nini Marseille?"

"Hana kitu."

"Weye una nini Marseille?"

Amiri akanyoosha mikunjo ya ramani. Nahashon akainama zaidi kwenye kamera zake.

"Amiri. Nani kakutuma kwa baba yangu?"

"Ami yako."

Ilikuwa kweli, kwa namna yake. Mwezi wa nne wazee wawili wa Amiri walipanda boti kutoka Tanga kwenda Unguja kupeleka posa. Walipokewa, wakakalishwa, wakapewa sharubati. Ami Kassim, mdogo wake baba yake Zuleikha, akawasikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema kijana ni dereva, tena yuko nchi ya watu, tena wa Bara, ukoo wake hatuujui. Na hata tungeujua, akasema, mimi si wali wa kumwozesha binti. Baba yake yu hai. Kijana akamuulize baba yake huko Ufaransa. Wazee wakarudi na boti ya siku iliyofuata, na mjomba wake Amiri akampigia simu kumwambia mambo yamekwisha, atafute kwingine.

Kassim alilisema lile neno ili kukataa. Amiri alilichukua kama anwani.

"Ile ilikuwa kukataliwa," Zuleikha akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mie nililia wiki nzima, nikisimama pale mbele na kuwachekea wageni. Kumbe weye ulikwenda kununua ramani."

"Nilinunua ramani."

"Alinunua," Nahashon akasema bila kugeuka. "Nilikuwa naye."

"Kumbe hata Nahashon anajua."

"Mimi siskii kitu, dada."

Zuleikha akavuta kiti akakaa. "Yule mtu aliondoka nna miaka saba. Alisema anakwenda kutafuta, atatuita. Mama akangoja mpaka akachoka, akaomba talaka yake kwa kadhi, akapewa. Huko nasikia kaoa, ana watoto, wanasema Kifaransa. Sitaki aendewe. Akiendewa, akaombwa, anakuwa baba. Atakaa kitini, atakohoa, atasema binti yangu. Miaka yote hii alikuwa nani?"

"Siendi kumwomba awe baba."

"Unakwenda kumwomba nini?"

"Neno moja. Akishalisema, arudi kwenye ubaya wake, nami nirudi kwako."

"Na asipolisema?"

"Nitarudi hivyo hivyo. Lakini nitakuwa nimekwenda."

Zuleikha alimtazama. Ana macho ya watu wa kwao upande wa baba, makubwa, yenye weupe mwingi, na akikasirika hayapepesi. Amiri hakuyakwepa. Alikuwa amechoka kwa kuendesha tangu alfajiri, shati limemganda mgongoni, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyeshaamua, anayengoja kuambiwa mlango uko wapi.

"Ungeniambia," Zuleikha akasema.

"Ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo. Ndiyo maana ungeniambia."

Hilo lilimwingia Amiri. Akachukua kalamu nyekundu ya Nahashon iliyokuwa juu ya daftari la wageni, akamsogezea. "Basi nakwambia sasa. Ukitaka, futa. Piga mstari hapo, tutakwenda kwenye maua na milima tutarudi, na Marseille sitaitaja tena mdomoni. Sikufichi tena."

Zuleikha akaishika kalamu. Akaipeleka mpaka penye duara, ncha ikagusa karatasi. Amiri aliona vidole vyake, na kovu dogo la pasi kwenye kidole cha shahada, akawaza kwamba akifuta hapa atamkumbuka kwa kovu hilo.

"Ijumaa hutampata," Zuleikha akasema.

"Nini?"

"Umeandika hapa Ijumaa. Kwa nini Ijumaa?"

"Sina anwani yake. Yeye ni Mngazija, na nimeambiwa Wangazija wa Marseille wanajuana wote. Nikawaza nifike Ijumaa, nisali nao, watu wakitoka msikitini niulize. Ijumaa watu wote wapo, wamepumzika..."

"Wamepumzika wapi?"

Amiri akalisoma tena lile neno Ijumaa.

"Umekaa Uarabuni mpaka umesahau dunia," Zuleikha akasema, na kwa mara ya kwanza upande mmoja wa mdomo ukapanda. "Ufaransa Ijumaa ni siku ya kazi. Watu wanasali mbio mbio wanarudi, na wengine bosi hawaachii kabisa. Kwao wanapumzika Jumapili. Kwetu pia wanapumzika Jumapili, Amiri. Tanga hamna Jumapili?"

Nahashon alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akashika meza. "Manze, umekimbiza mama ya wenyewe njia yote hiyo ufike Friday, ukutane na nani? Na njiwa?"

"Si huyu ulimwonyesha ramani?" Zuleikha akamwambia Amiri. "Na yeye hakuona?"

Nahashon akaacha kucheka. "Aki mimi pia," akasema polepole. "Nimekaa huku sana."

Lakini Zuleikha hakuwa akicheka tena. Alikuwa ameshusha macho kwenye karatasi. "Alikuwa akipiga simu Jumapili," akasema. "Mwanzo mwanzo, kabla hajaacha. Siku zote Jumapili, magharibi. Simu ilikuwa kwa jirani. Mie nilikuwa nakaa pale tangu mchana, nimeogeshwa, nimepakwa poda, utasema ndiye anayekuja mwenyewe. Na nyuma ya sauti yake nasikia masufuria yanaoshwa. Alikuwa mpishi wa shughuli, baba. Hata Unguja alikuwa mpishi wa shughuli, hakuna aliyempita kwa pilau. Kule Wangazija wanaozeshana Jumamosi na Jumapili, kwenye kumbi. Weye usiulize msikiti. Uliza harusi iko wapi Jumapili, halafu zunguka nyuma, jikoni."

Akasema haya yote bila kupumzika, kama mtu anayetoa kitu alichokificha kabatini na kumbe anajua kila kona yake.

Kisha akapiga mstari. Si juu ya duara. Aliipiga ile barabara nyekundu iliyoteremka kutoka Paris, akaikata. "Hii ondoa. Shuka kwa upande huu." Kalamu ikaenda mashariki. "Mpeleke kwanza kwenye ziwa. Wageni wetu Wafaransa kila wakiniona na Ufaransa mdomoni wananambia Annecy, Annecy. Kisha pita mlimani polepole, za kijani kama alivyotaka. Korongo hili. Kisha maua. Wiki hii bado yapo, ukichelewa wanayavuna na kukuachia vijiti. Maua mtayaona Jumamosi, na kutoka hapo mpaka Marseille ni karibu, asubuhi ya Jumapili unafika."

Wino mwekundu ukaizunguka Ufaransa kwa kinyume cha wa bluu, ukapita kwenye milima, ukaja kusimama ndani ya duara.

"Hii nzuri kuliko yangu," Amiri akasema.

"Ya kwako ilikuwa ya mtu anayekimbia. Yule mama kakwambia anataka dirisha, weye ukampa lami." Akaweka kalamu chini. "Hoteli zake zimeshashikiwa nafasi?"

"Binti yake Dana kazishikia nafasi, kwa mpango wa kwanza. Yuko Paris anatungoja."

"Basi itabidi umwambie Mama ukweli."

"Najua."

"Na kuna jingine." Uso wake ukawa mzito. "Nani atasema?"

"Kusema nini?"

"Posa. Ukishafika jikoni, ukamkuta. Nani atafungua mdomo? Mwanamume hajiposei, Amiri. Yule mtu alituacha sisi, lakini desturi hakuziacha, namjua. Akimwona kijana kaja peke yake, kasimama mbele yake kama anauliza bei ya kitu, atakufukuza. Na atakuwa na haki."

Amiri akairudisha kalamu juu ya daftari. Wazee wake wako Tanga. Aliliona tundu hili tangu mwanzo, akalipita akijiambia ataliziba akifika.

"Mimi ningeenda," Nahashon akasema, "lakini visa yenyewe iko wapi."

Simu ya Amiri ikalia. Mama Hessa anateremka.

Akakunja ramani. Wakasimama, meza katikati yao. Alitaka kumshika mkono, na aliona kwamba naye alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa sababu hiyo hiyo.

"Usimwambie nimemsamehe," Zuleikha akasema.

"Nimwambie nini?"

Akafikiri. "Mwambie nna miaka thelathini na moja, na bado sijala pilau ya mtu bila kuilinganisha."

Akatoka. Hakugeuka nyuma, lakini kwenye mlango wa wafanyakazi alisimama kidogo, akaweka kiganja juu ya bati la mlango lililochomwa na jua mchana kutwa, akakiacha pale, kisha akaingia.

Mama Hessa alikuwa na kopo la tende alilopewa na dada yake. Alikaa, akanyoosha abaya, akaiona ramani kwenye kiti cha mbele. "Nipe," akasema.

Amiri akampa bila kugeuka, akaondoa gari. Wakarudi kwenye barabara kubwa. Mama Hessa akavaa miwani.

"Jana ilikuwa na kalamu moja. Leo mbili."

"Ndiyo, mama."

"Nyekundu si mkono wako."

"Hapana, mama."

Wakapita taa mbili kimya. Mama Hessa alikuwa mjane mwenye maneno machache. Miaka tisa Amiri amemwendesha, kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, na alijua kwamba akinyamaza huwa anahesabu. Akaona bora aseme yeye, kabla hajaulizwa. Akamwambia yote. Msichana, ami, posa iliyorudishwa, baba mpishi, na Ijumaa. Akamwambia kwamba ile barabara nyekundu kutoka Paris haikuwa na sababu nyingine ila hiyo.

"Nilikuuliza," Mama Hessa akasema. "Mara ngapi nilikuuliza, Amiri, kwa nini tunakimbia mwanzo? Ukaniambia barabara kubwa ni salama."

"Ni salama, mama."

"Ni salama na ni uongo."

"Ndiyo."

"Umeniweka mimi kwenye gari, mwanamke wa umri wangu, magoti haya, unipitishe kwenye lami tupu nchi yenye ziwa na milima, ili ukatafute mke."

"Ndiyo, mama. Ukitaka, tukifika nikabidhi gari kwa dereva wa huko, nirudi. Ila nikirudi nitatafuta njia nyingine ya kwenda. Sitaki kukudanganya mara ya pili."

Mama Hessa alikuwa akifuata wino mwekundu kwa ukucha wake uliopakwa hina. Ukucha ukasimama kwenye ziwa, ukapanda mlima, ukateremka.

"Hii imechorwa na yeye?"

"Ndiyo."

"Za kijani zote."

"Zote."

"Ana kasoro gani?"

Amiri akafikiri. "Ana hasira."

"Hiyo si kasoro." Ramani ikakunjwa nusu. "Na huko kwa baba yake anakwenda nani na wewe?"

"Hakuna, mama. Naenda mwenyewe."

Ndipo Mama Hessa alipokasirika kweli. Mpaka hapo alikuwa amechukizwa tu. Sasa aliivua miwani. "Mwenyewe? Kijana hana watu? Mume wangu alipokuja kunitaka, wanaume walijaa majlisi mpaka wengine wakakaa uani, na yeye mwenyewe hakuinua uso. Hivyo ndivyo baba yangu alivyojua kwamba anayemchukua mtoto wake si mtu aliyeokotwa njiani. Na wewe unataka kuingia jikoni kwa watu ujisemee?"

"Watu wangu wako mbali."

"Mimi niko mbali?"

Amiri alimwangalia kwenye kioo. Alikuwa ameshatoa simu mkobani, anaipeleka mbali na macho ili aone vizuri.

Dana alipokea Paris, na sauti yake ilijaa gari zima. Mama yake akamwambia abadilishe hoteli, aanze na Annecy, na usiku wa Jumamosi wawe karibu na Marseille.

"Marseille kuna nini, mama?"

"Kuna harusi."

"Ya nani?"

"Simjui."

"Mama, huwezi kwenda harusi ya watu usiowajua. Watatuonaje? Na huyu Amiri ni dereva, mama, mambo yake ni yake."

"Dana, mimi nakuja Ufaransa kutazama. Hili nalo nataka kulitazama. Badilisha hoteli." Akakata.

Kisha akatoa masharti yake, moja baada ya jingine, sauti imetulia kama anaagiza sokoni. Maua ayaone asubuhi, kabla watalii hawajaja kupiga picha. Milimani Amiri asiendeshe kama yuko barabara ya Salwa. Kwenye korongo akisema simama, asimame, hata kama nyuma kuna malori. "Na kwa huyo mpishi utafunga mdomo. Utakaa, utainamisha kichwa. Nitasema mimi."

"Kwa lugha gani, mama?"

"Kiarabu. Msikitini anamwelewa imamu, hata mimi atanielewa. Akishindwa, utanifasiria kwa Kiswahili. Kufasiri si kusema."

"Na wakikukataa, mama?"

"Mimi?" Mama Hessa akavaa miwani tena. "Endesha."

Kwenye maegesho ya uwanja wa ndege, kabla hajashusha mkoba, Amiri akamwandikia Zuleikha maneno mawili: mshenga kapatikana. Akauliza nani. Amiri akamwandikia, Mama. Ikakaa muda bila jibu, mpaka akafikiri amekasirika tena. Kisha ujumbe ukaja.

"Avae ile abaya yenye nakshi. Baba anaheshimu mtu aliyevaa."

Walifika Marseille Jumapili, karibu na adhuhuri. Harusi zilikuwa tatu siku hiyo. Walimkuta Mzee Mmadi, baba yake Zuleikha, kwenye ya pili, nyuma ya ukumbi, mbele ya sufuria, mwiko mkononi. Mama Hessa alisema aliyokuja kusema. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza binti anafanya kazi gani na kama anaswali, akaomba akanawe mikono. Alikaa huko muda. Aliporudi alikubali. Kuhusu pilau Amiri alimwambia alivyoagizwa, na yeye akampakulia sahani.

Kwa kuwa hakuweza kusafiri, Mzee Mmadi alimpa mdogo wake uwakili wa kumwozesha binti. Kwa hiyo ami Kassim ndiye aliyewaozesha, Unguja, mwezi wa kumi na moja, na alilitaja jina la Amiri vizuri bila kukosea. Mzee Mmadi hakuja. Zuleikha hajaonana naye hadi leo. Mzee hupiga simu Jumapili, na Zuleikha hupokea akiwa na nafasi.

Mama Hessa aliyaona maua asubuhi, peke yake, na kwenye korongo alisema simama mara nyingi. Magoti yalimzidi mwaka uliofuata na hajasafiri tena. Dana husema mambo ya Marseille yalikuwa fikra yake. Nahashon alihamia kazi ya Lusail, kisha akarudi kwao, ana duka la vipuri.

Amiri na Zuleikha wanakaa Abu Hamour, nyumba ya vyumba viwili, wana mtoto wa kike. Amiri bado anaendesha, Zuleikha bado yuko hoteli ile ile. Ramani ilipotea walipokuwa wanahama.